Simu ya kushuti harusi: S22 Ultra na Pro Video yake, au iPhone 13 na Blackmagic Camera?

Kamanda_Ilala
Wakuu, heshima mbele. Nataka kuchukua simu ya kushuti video kabla wiki haijaisha. Hii niliyonayo imenichosha: ukumbini bibi harusi akisogea na gauni jeupe picha nzima inafifia, akipita inang'aa tena, basi ni hivyo usiku kucha. Nataka simu ambayo spidi ya shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) na ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) naweka mwenyewe, vikae hapo mpaka nibadilishe mimi. Nimebaki na mbili kichwani, Galaxy S22 Ultra na iPhone 13, zote used. Jamaa mmoja kaniambia iPhone funga kazi, mwingine anasema iPhone haina hata sehemu ya kugusa shata. Nipeni mwongozo hela ikiwa bado ipo, isije ikaishia kwenye michango ya watu.

FundiVioo
Mkuu umeleta uzi nusu. Bajeti shilingi ngapi? Ni ukumbini tu au na nje juani? Mteja unampa kwenye flashi au ni za kurusha status? Na hiyo unayoilalamikia ni simu gani? Bila hayo tutakujibu kwa mapenzi ya chapa tu.

Simba_wa_Galaxy
Hapo hakuna mjadala, chukua S22 Ultra. Unaingia Pro Video, ile sehemu ya kamera ya kupanga video kwa mkono, unakuta ISO, shata, fokasi na rangi ya mwanga kwa Kelvin, vyote kwenye skrini moja, na maiki unachagua isikilize mbele au nyuma. Hupakui kitu. iPhone ukitumia kamera iliyokuja nayo unabonyeza uso wa bibi harusi mpaka yatokee maandishi ya njano kwamba mwanga umefungwa, halafu unaomba Mungu kidole kisiguse tena. Na hapo shata imejiamulia yenyewe, wewe huijui hata ni ngapi.

DadaLenzi
Simba, nani anashuti kazi ya pesa kwa kamera iliyokuja na simu? Kuna programu ya kamera, Blackmagic Camera, ipo bure kwenye iPhone tangu 2023. Shata unaipanga kwa spidi au kwa nyuzi za pembe, una histogramu (grafu ya mwanga), una ile milia ya pundamilia inayokuonyesha wapi pameungua. Fremu 24, 25, 30 kwa sekunde, chagua. Pro Video yako 25 iko wapi?

Simba_wa_Galaxy
25 ya nini kwa video inayokwenda kuangaliwa kwenye simu ya shangazi? Na hiyo Blackmagic hata Android ipo tangu 2024.

DadaLenzi
Ipo kwa simu chache, na sio kila Galaxy. Aangalie kwanza kama yake imo.

MwlMwanga
Mnabishana fremu wakati kinachomtesa mtu ukumbini ni umeme. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Ukiweka shata 1/50 ya sekunde, kila fremu inakusanya mapepeso mawili kamili. Ukiweka 1/100, moja kamili. Fremu zote zinapata mwanga sawa, ukuta unatulia. Ukiweka 1/60 unakata pepeso katikati, ndipo unaona ile mistari myeusi inatembea kwenye mapazia. Kwa hiyo hata Pro Video kwa fremu 30 ukiweka 1/50 mambo yanakwenda. Ile kanuni ya shata kuwa mara mbili ya fremu (fremu 25, shata 1/50) ni ya kufanya mwendo uonekane laini, ukiisogeza kidogo hakuna polisi.

Mswahili_Maskati
Nakuunga mkono mwalimu. Huku Oman ni 50 kama nyumbani, sikuwahi kupata shida. Shemeji yangu alipooa Jeddah nikaenda na simu ile ile na mipangilio ile ile, ukumbi mzima mistari. Saudia ni 60. Nikahamia 1/60 ikatulia.

Mjukuu_wa_Pangani
Ngoja niwape kisa, maana naona watu wanataja "Pro" kama vile ni kitu kimoja. Nilinunua simu used duka moja mjini, sitalitaja, si chapa yoyote mliyoitaja hapo juu. Nikamwambia kijana nataka ya kupanga shata mwenyewe. Akafungua kamera, akagusa Pro, akavuta shata kulia kushoto, picha ikawa giza, ikawa nyeupe. Nikaona imani hiyo hapo. Nikalipa.

Jumamosi yake nina sendoff. Nimefika mapema, nimesimamisha stendi, nageuza kutoka picha kwenda video: vile vitufe vyote vimeyeyuka. Kwenye video imebaki ile ya kupandisha na kushusha mwanga tu, basi. Nikapakua programu mbili tatu pale pale kwa bando langu. Moja ikaonyesha kitufe cha shata lakini ukikigusa hakiendi popote. Nyingine ikaniambia wazi simu hii hairuhusu. MC ndiyo anawaita watu wakae.

Nikashuti otomatiki. Kila kitu kilienda nusu nusu mpaka ndafu inaingia. Unaijua ndafu inavyoingia, kina mama mbele na vigelegele, fataki pande mbili, DJ kazima taa nyeupe kawasha za zambarau. Fataki zilipowaka simu ikashusha mwanga, nyuso zote zikawa masizi. Zilipozima ikapandisha kwa pupa, mbuzi mwenyewe akawa mweupe pee na limau lake mdomoni. Familia walipoona video walikata pesa iliyobaki, na siwalaumu. Nikarudi dukani. Kijana ananiambia, "Bro, si ulisema Pro? Pro si hiyo hapo." Simu nimeiuza kwa hasara.

FundiVioo
Pole sana. Hiyo ndiyo sababu niliuliza. Kwenye Android mtengenezaji ndiye anayeamua programu za nje ziguse nini kwenye kamera. Asipofungua mlango wa shata, programu hata iwe ya kulipia haitakusaidia. Galaxy A nyingi pia zina Pro ya picha bila Pro ya video, watu wanachanganya kila siku.

Kabla ya kulipa fanya hivi, mbele ya muuzaji: iwe VIDEO, weka 1/1000 na ISO ya chini ndani ya duka, lazima iwe giza. Halafu washa tochi ya simu nyingine mbele ya lenzi. Tochi yenyewe itawaka, lakini ukuta wa nyuma ukizidi kuzama gizani ujue bado inajipangia. Anza kurekodi kabisa, usiishie kwenye kuangalia.

Kamanda_Ilala
Samahani wakuu, nilikuwa kwenye daladala. Bajeti milioni moja na laki tatu. Ukumbini, lakini pia kabla ya ukumbi tunakwenda Coco Beach kupiga zile za kutembea mchangani. Mara nyingi ni saa nane mchana. Napeana kwenye flashi. Simu ya sasa ni Tecno, namba siikumbuki.

FundiVioo
Saa nane Coco Beach! Hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo.

MwlMwanga
Hapo hadithi inabadilika. Lenzi za simu hizo mbili hazifungi wala kufungua tundu. Ya S22 Ultra ile kuu ni f/1.8, imekaa hivyo. Juani, hata ISO ukiishusha mpaka 50, mwanga sahihi unaangukia kama 1/4000. Kwa shata hiyo kila tone la bahari linaganda, watu wanatembea kwa kukatika katika. Ukilazimisha 1/50 bila kitu mbele ya lenzi, utapata karatasi nyeupe yenye sauti ya mawimbi. Unahitaji filta ya ND64, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, inakata stopu 6 (kila stopu ni nusu ya mwanga), inakurudisha karibu na 1/60. Kwa hiyo kwenye bajeti yako tenga na hela ya filta, iwe Samsung iwe iPhone.

DadaLenzi
Na asinunue zile za kuzungusha za bei ya kutupa. Ukizungusha hadi mwisho linatokea msalaba mweusi katikati ya anga. Halafu filta za kibanio zinafunika lenzi moja. S22 Ultra ina lenzi nne zimetawanyika, ukivuta zoom simu ikaruka lenzi nyingine, filta imebaki kwa jirani. iPhone 13 zipo mbili tu.

Simba_wa_Galaxy
Asivute zoom, atembee. Miguu si anayo?

Yakhe_Nyali
Yakhe, mie niko Mombasa, filta sijawahi kununua. Nawaambia maharusi njooni saa kumi na moja. Jua limelala, mwanga mtamu, ngozi inapendeza.

Mjukuu_wa_Pangani
Maharusi wa Dar saa kumi na moja wako saluni au kwenye foleni. Ukiwapata saa nane shukuru.

Injinia_Mbeya
Naomba niongeze kwenye la taa. Hiyo hezi 50 ni ya gridi. Umeme ukikatika ukumbi ukahamia kwenye jenereta, mnajua linazungusha ngapi? Jenereta isiyorekebishwa vizuri bila mzigo inaweza kwenda 52, AC zote zikiwaka inashuka. Shata yako iko 1/50 safi kabisa na bado unaona kivuli kinapanda taratibu kama moshi. Dawa ni shata inayosogea kidogo kidogo. Blackmagic unaweza kuipanga kwa nyuzi, Pro Video inaruka kwa hatua zilizopangwa. Ukuta wa LED nyuma ya maharusi nao una mapepeso yake mengine kabisa, hausikilizi gridi wala jenereta.

Simba_wa_Galaxy
Sasa mnamtisha mtu. Mimi nashuti kumbi za Mwanza kwa S22 Ultra, 1/50, ISO naicheza kati ya 400 na 800, Kelvin nimeigandisha, wateja wanarudi.

FundiVioo
Yako ni ipi, B au U? Mkuu Kamanda, angalia namba ya modeli. SM-S908B ni ya Ulaya yenye chipu ya Exynos. SM-S908U ni ya Marekani, ina chipu ya Snapdragon, ila hakikisha haijafungiwa mtandao wa huko. Kwa kurekodi mfululizo mimi siichukui Exynos, inachemka.

Simba_wa_Galaxy
Ni B na haijawahi kuchemka. Hizo ni hadithi za YouTube.

FundiVioo
Mwanza kuna upepo wa ziwa ndugu yangu.

DadaLenzi
Ahesabu na nafasi. iPhone kwa kamera iliyokuja nayo, 4K fremu 30, inakula kama MB 170 kwa dakika, saa moja ni GB 10. Sherehe ya muda wa saa sita ni GB 60, na ukifika nyumbani bado hujahamisha ya wiki iliyopita. Asichukue ya 128. Na S22 Ultra nayo haina sehemu ya memori kadi, msije mkamdanganya.

Yakhe_Nyali
Nyote mwazungumza shata, hakuna alosema sauti. Mteja wangu wa mwisho picha hakuzitazama mara mbili. Alolalamikia ni nasaha za babake, hazisikiki, mnasikika mabufa tu. Nunua simu yoyote hapo, hela ilobaki tia kwenye maiki.

Kamanda_Ilala
Naegemea S22 Ultra ya U nikiipata, nitaijaribu kwa tochi kwanza. Lakini Yakhe, sauti huwezi kuchukua moja kwa moja kwenye mikisa ya DJ?

Yakhe_Nyali
Waweza, DJ akikubali. Wengi wakwambia waya wako utaniharibia mtambo.

Mjukuu_wa_Pangani
Dar anakubali, ila kuna "ya soda".

Kamanda_Ilala
Soda ya shilingi ngapi?

Injinia_Mbeya
Inategemea umemkuta kabla au baada ya chakula.