Mafundi mnabadilisha spea bila kupima! Hilux 22R inakosa sailensa, nimelipia kila kitu isipokuwa ugonjwa wenyewe

Wakuu, nina hasira na sitazificha.

Gari ni Hilux ya 1988, injini 22R ya kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa), ndiyo inayoshusha viazi vyangu kutoka Uporoto mpaka Mbalizi, huku Mbeya. Ilianza kukosa sailensa, yaani injini haitulii ikiwa inanguruma bila kukanyaga mafuta. Ukisimama inatetemeka mpaka vioo vya pembeni vinacheza, mara inazima. Ukikanyaga mafuta uondoke, inasita kwanza ndipo inaruka. Ikishachanganya inakwenda vizuri tu.

Gereji ya kwanza nilimweleza fundi yote hayo, nikaongeza kwamba pedeli ya breki nayo imekuwa ngumu siku hizo hizo. Akanijibu: "Breki ni kazi nyingine mzee, tumalize injini kwanza."

Mtu anayejiita fundi anajibu hivyo! Busta ya breki, ile inayousaidia mguu kukanyaga, inavutwa na manifoldi ya injini (njia ya kuingizia hewa) kupitia hosi moja nene. Hosi ikipasuka, hewa inaingia kwenye injini bila kupita kwenye kabureta, petroli inakuwa kidogo mno kwa hewa iliyopo, injini inamisi ikiwa sailensa na kusita ukikanyaga. Ukiwa kwenye mwendo, injini inavuta hewa nyingi, huo mwanya hausumbui tena. Na busta ikikosa mvuto, pedeli inakuwa ngumu. Dalili zote nilimpa mkononi. Akaniacha nishuke mteremko wa Iwambi na mzigo, breki ziko hivyo!

Akaanza: plagi mpya, waya za plagi, kifuniko cha distributa na rota, fueli filta, pampu. Kila kimoja "hiki ndicho chenyewe", nalipa, gari iko vilevile. Tapeti, yaani nafasi za valvu, hakuzigusa, na kwenye 22R zinajulikana, 0.20 mm za kuingiza na 0.30 mm za ekzosi, injini ikiwa ya moto. Taa ya taimingi, ya kupimia wakati plagi inapopiga cheche, sikuiona hata siku moja. Mwisho akafunga kabureta mpya ya kopi na kuifungua skrubu ya mchanganyiko mpaka injini ikatulia kidogo. Ikaanza kutoa moshi mweusi na kunywa petroli vibaya sana. Hiyo ndiyo anayoiita kupona.

Gereji ya pili walau walikuwa na geji ya vakyumu, inayopima mvuto wa manifoldi kwa inchi za zebaki. Ikasoma 10, sindano imetulia. Fundi akasema injini imekufa, kipimo kizuri ni 17 mpaka 21, nitoe 22R niweke injini ya 3L ya dizeli. Ndugu zangu, hizo namba ni za usawa wa bahari! Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700, na kila mita 300 unazopanda geji inashuka kama inchi moja. Kwa hapa injini nzima inasoma 11 mpaka 15. Kumi ni pungufu, ndiyo, lakini ukitaka kuniuzia injini nyingine pima kompresheni, yaani mgandamizo wa silinda, kwanza. Hakupima.

Aliyeona tatizo ni dereva mzee wa malori pale Mbalizi. Akaviringisha kitambaa kwenye hosi ya busta, akaibana kwa koleo. Mlio ukabadilika papo hapo, injini ikaanza kulemewa na petroli. Akairudisha ile skrubu taratibu, ikatulia kabisa. Hosi ilikuwa imechanika upande wa chini, karibu na klipu, kwa juu huoni kitu. Hosi! Na hakutaka hata hela ya soda.

Sasa hili la kabureta ndilo linaloninyima usingizi. Ile iliyokuja na gari, Aisan halisi, haikuwa na kosa lolote. Nimeenda kuidai, naambiwa imeenda na vyuma chakavu. Spea ikitolewa kwenye gari yangu ni mali yangu, hata ikiwa imekufa. Plagi, waya, pampu, hakuna nilichorudishiwa.

Mwenye Aisan ya 22R ambayo haijachokonolewa aniambie bei. Na ile yangu bado naidai.