Likizo ya Juni na watoto watatu na bibi yao: Lushoto, Marangu au Morogoro?

MamaWatatu_Tegeta

Wanajamvi, salaam. Shule zikifungwa Juni tunataka kuwapeleka watoto milimani kwa gari letu wenyewe. Tuko sita: mimi na mume wangu, watoto wa miaka 11, 7 na 4, pamoja na mama yangu mzazi mwenye miaka 68, goti la kulia linamsumbua. Mama ni mzaliwa wa Kilwa, hajawahi kulala mahali pa baridi. Gari ni Noah, gia otomatiki, tairi mpya tangu Machi. Tutalala huko siku nne.

Nimekaa na daftari nikapiga hesabu. Kilometa ni za kwenda tu, mafuta ni ya kwenda na kurudi, na nimeweka kilometa 9 kwa lita kwa sababu gari litakuwa limejaa.

Morogoro, milima ya Uluguru: karibu kilometa 200, saa nne, lita 45.
Lushoto, Usambara: kama kilometa 350, saa saba tukihesabu vituo, lita 80.
Marangu, chini ya Kilimanjaro: karibu kilometa 550, saa kumi au zaidi, lita 120 na ushee.

Mume wangu anasema Morogoro, ni karibu na pesa inabaki. Mimi moyo uko Marangu. Mama amenisomesha kwa kuuza samaki wa kukaanga, na tangu nikiwa mdogo anasema anataka auone Mlima Kilimanjaro kwa macho yake. Lushoto imeingia katikati kwa sababu kila ninayemuuliza ananitajia. Waliokwenda na watoto wadogo, nisaidieni.

Dereva_Mstaafu

Mama Watatu, nimeendesha basi njia ya kaskazini miaka mingi, nitaongea barabara tu, mlima waachie wengine.

Kwa kuwa mnakaa Tegeta msihangaike na Kibaha na Chalinze. Shikeni Bunju, Bagamoyo, Makofia, mtokee Msata. Malori yote ya bara yanayopita Chalinze mnakuwa mmeyakwepa. Tokeni saa kumi na moja alfajiri, watoto wakiwa bado usingizini, na mtakuwa mmevuka daraja la Wami jua likiwa bado laini. Segera mnakunja kushoto. Kulia ni Tanga. Baada ya Korogwe mnaanza kuona mashamba ya mkonge yenye mistari iliyonyooka mpaka inachosha macho, na milima inasimama upande wenu wa kulia. Haiwaachi tena: kwanza Usambara, halafu Upare, mpaka Himo, njia panda ya kwenda Marangu.

Vibao vya 50 viheshimuni kila kijiji. Tochi za trafiki za kupima mwendo zipo, lakini sisemi kwa ajili ya tochi. Vijiji vya njia ile vimekaa barabarani kabisa, na mtoto anayevuka akimkimbilia mwenzake hajui gari ni nini.

Sasa jambo lenyewe. Saa kumi kwa mtu mzima ni saa kumi. Kwa mtoto wa miaka minne ni saa kumi na tatu, na kwa goti la mama yako ni zaidi ya hapo. Ukienda Marangu kwa siku nne, mbili zimekwenda barabarani. Kama unang'ang'ania Marangu, lala njiani.

BabaPacha_Moro

Karibuni Morogoro, ila nikuambie ukweli wa huku, dada. Mjini pazuri, Juni hewa imetulia, na milima unaiona ukiwa umekaa barazani. Lakini kuiona siyo kuipanda. Morningside, ile nyumba ya zamani ya Wajerumani juu ya mji, kwa mguu ni kama saa mbili za kupanda mfululizo. Wa miaka 11 atafurahi, wa 7 atalalamika, wa 4 utambeba, na bibi atabaki hotelini anawasubiri. Njia ya gari ni mbovu, Noah usiipeleke.

Faida yetu ni Mikumi. Barabara kuu ya Iringa inakatiza katikati ya hifadhi, na watoto wanaweza kuona twiga na nyumbu wakiwa kwenye kiti bila kulipa kiingilio. Mwendo uwe mdogo, ukimgonga mnyama faini yake siyo ya kuchezea. Ila hiyo ni safari ya wanyama, na wewe umeuliza milima.

Tena tangu 2024 kuna treni ya SGR. Morogoro mnaweza kuja siku yoyote, hata Jumamosi moja tu. Likizo ya gari itumieni kwa mahali ambapo treni haifiki.

Binti_wa_Soni

Dada yangu, nimekulia Soni, sasa niko Mbezi, na kila Juni nawapeleka wanangu kwa bibi yao. Nakuandikia kwa urefu kwa sababu watu wengi huharibikiwa na kilometa 33 za mwisho.

Kutoka Mombo kwenda Lushoto ni lami yote, lakini ni kona juu ya kona, mlima huku, bonde huku. Pale ndipo watoto hutapika. Chakula kizito wape Korogwe, siyo Mombo. Mombo wape mkate mkavu au kipande cha ndizi, maziwa hapana. Simu zikusanye zote. Anayeangalia simu kwenye kona anatapika kabla hata Soni haijafika, awe na miaka minne au arobaini. Anayesumbuka zaidi mkalishe mahali anapoiona barabara mbele, fungua dirisha kidogo, mpe ndimu iliyokatwa anuse. Na kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2019, usije ukategemea kuombaomba mfuko njiani: beba kindoo kidogo chenye mfuniko, weka maji kidogo chini, na kitambaa kimoja kwa kila mtoto.

Soni simameni. Maporomoko yako kando ya barabara hapo hapo, bibi atayaona bila kutembea. Juni mvua za masika zimetoka kuisha, maji bado yana nguvu.

Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya bahari. Mchana watoto watacheza na fulana, ila jua likizama, sweta, soksi na kofia. Usiku wa Julai mimi hulala na blanketi mbili na khanga juu yake. Kabla hujalipia chumba popote uliza maswali mawili: maji ya moto yanatoka bombani au yanaletwa kwa ndoo, na blanketi za ziada zipo? Kuna nyumba moja ya wageni tulifikia mwaka mmoja, tukaambiwa maji ya moto yapo, kumbe yalikuwepo asubuhi tu na kwa chumba kimoja. Mwanangu alioga siku ya tatu.

Mahali pa kwenda na wadogo: Irente. Ni kilometa chache tu kutoka mjini. Kuna shamba lao wanauza jibini, jemu na mkate wanaotengeneza wenyewe, mnakula kwenye majani chini ya miti. Mbele kidogo kuna ule mwamba, unasimama unaona nyika ya chini yote, barabara mliyopita asubuhi imekuwa uzi. Pale mtoto anashikwa mkono na mtu mzima, kila mtoto na mtu wake. Usikubali "tunapiga picha moja tu". Bibi mwekeni kiti nyuma, anaona vilevile.

Msitu wa Magamba nao uko karibu, mwenye miaka 11 aende na baba yake na mwongozaji, nusu siku.

KiboshoJuu

Mimi ni wa mlimani na sitaficha, ningependa mje. Marangu bibi hahitaji kupanda chochote. Maporomoko ya Kinukamori yako karibu na Marangu Mtoni, mtori wa moto upo, kahawa watoto watatwanga wenyewe kwenye kinu wakiimbiwa. Watoto chini ya miaka 10 hawaruhusiwi kupanda mpaka kileleni, lakini huko siko mnakokwenda. Kutoka lango la Marangu hadi kibanda cha Mandara, mita 2,700, ni kama kilometa nane kwenda na nane kurudi. Baba na huyo wa miaka 11 wanaweza kufanya kwa siku moja, wengine wasijaribu.

Lakini, mama, nisikilize hapa. Juni na Julai mlima hujifunika. Mawingu hukaa hata siku tatu, unalala chini yake na huuoni. Ukibahatika ni alfajiri au jua linapozama. Mkija kwa siku mbili tu, baada ya saa kumi barabarani, mama yako anaweza kurudi Kilwa akiwa ameona migomba na ukungu. Ingeniuma mimi niliyewakaribisha.

Mwl_Muheza

Kuna ambayo hamjaitaja: Amani, Usambara ya mashariki. Bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani 1902, msitu mnene, mashamba ya chai, vinyonga wenye pembe, na yale maua madogo ya zambarau ambayo Wazungu wanayaweka madirishani bila kujua yametoka kwetu. Nimepeleka wanafunzi mara kadhaa, wanarudi wakiwa wapelelezi.

Kikwazo ni barabara toka Muheza. Sehemu kubwa ni ya vumbi na mawe, inapanda, na mvua ikinyesha inateleza. Kwa gari lililoinuka sawa. Kwa Noah yenye watu sita na mizigo, na goti la bibi likirushwarushwa kwa saa nzima na zaidi, siwezi kukushauri. Iweke kwa siku ambayo watoto wamekua.

MamaWatatu_Tegeta

Asanteni sana. Kiboshojuu, umenigusa pale uliposema ingekuuma. Swali: nikilala Lushoto usiku mbili kisha nikaenda Marangu usiku mbili, naweza kupata vyote?

Dereva_Mstaafu

Unaweza, karatasini. Mombo hadi Himo ni kama kilometa 200, siyo mbaya. Tatizo ni siku ya kurudi: kilometa 550 kwa mkupuo mmoja, dereva amechoka, watoto wamechoka, na ndipo watu huanza kukimbizana na giza. Ajali nyingi nilizozipita zilikuwa za watu wanaorudi nyumbani. Ongeza siku mbili au punguza mlima mmoja.

Na ukichagua Lushoto, mwambie shemeji hivi: kushuka siyo kama kupanda. Akianza kushuka aitoe gia kwenye D aweke 2, au L kwenye kona kali, aiache injini ishike gari. Asikae na mguu kwenye breki mwanzo hadi mwisho. Akisikia harufu kama ya mpira unaoungua, hiyo ni breki. Atafute mahali papana, asimame nusu saa. Asimwagie maji tairi zikiwa za moto.

Binti_wa_Soni

Na mtoke Lushoto asubuhi baada ya ukungu kuondoka, siyo kabla.

MamaWatatu_Tegeta

MREJESHO, kama nilivyoahidi. Tumerudi juzi. Tulikwenda Lushoto, usiku zote nne mahali pamoja.

Aliyetapika ni wa miaka 11. Wa miaka 4 alilala mpaka Soni. Nilimkuta mkubwa na simu chini ya mkoba, kona ya tatu tu. Kindoo kilifanya kazi yake, Binti wa Soni, Mungu akuzidishie. Pale kwenye maporomoko mama alikataa kurudi garini. Alikaa kwenye jiwe, akauliza maji yale yanakwenda bahari gani. Mume wangu akamwambia yanakwenda mto Pangani, yanatokea baharini Pangani, upande wetu wa pwani. Akasema basi atakuwa amewahi kula samaki wa maji haya. Aliwarudia watoto maneno hayo siku zote nne.

Irente tulikwenda mara mbili. Wa miaka 7 ana daftari, amechora ile barabara iliyokuwa uzi. Sokoni mama alinunua karoti na viazi vingi kuliko gari linavyobeba, alisema kwa bei ile kuacha ni dhambi. Baridi ilimshika usiku wa kwanza, tukaomba blanketi ya tatu, baada ya hapo yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamka, amejifunga khanga mbili na sweta la mume wangu.

Kushuka tulitumia 2 na L, hakuna harufu yoyote. Tulitoka saa tatu asubuhi, Tegeta saa kumi na moja jioni, tumesimama mara nne. Lita zilizotumika ni 83.

Sasa KiboshoJuu, nakugeukia wewe. Deni la mama bado liko palepale. Nataka nimpeleke Marangu yeye na mimi tu, kwa basi, bila watoto, tukae hata siku tano. Nilifikiria Desemba.

KiboshoJuu

Desemba usije, mama. Mwezi wa kumi na mbili Wachagga wote tunarudi nyumbani, mabasi yanajaa wiki kabla na vyumba vinapanda. Njooni mwisho wa Januari au Februari. Anga inakuwa wazi, Kibo, kilele chenyewe cha Kilimanjaro, anaonekana asubuhi tangu mji wa Mwanga mkiwa bado ndani ya basi. Mkalishe mama dirishani, mbele karibu na dereva. Siku mkikata tiketi niandikie, nitakuja kuwapokea Himo.