Naomba ushauri: nijibuje ombi la QSL (kadi ya kuthibitisha mazungumzo ya redio) kutoka Italia?

Kijana wa Uyole: Wakuu, naombeni ushauri, kwa maana jambo hili linaninyima usingizi. Jioni moja, nikiwa nyumbani Uyole, Mbeya, nilizungumza kwa Morse, yaani milio ya nukta na mistari, na mwanaredio wa ridhaa aliyeko Italia, katika masafa ya mita 20. Alinipa alama 59 ya usikivu, akaniuliza QTH (mahali nilipo), akanitakia 73 (salamu za heri), na mwishowe akaomba QSL. Je, kwenye kadi niandike mifupisho hiyo au nieleze kwa maneno kamili?

Mwalimu Mstaafu, Iringa: Mwanangu, mifupisho ya Q haina siri. Waingereza waliitunga yapata mwaka 1909 kwa ajili ya meli na vituo vya pwani, na mkataba wa London wa 1912 ukaifanya ya mataifa yote. Ikifuatwa na alama ya kuuliza ni swali, isipofuatwa ni jibu: "QTH?" ni "Uko wapi?", na "QTH Mbeya" ni "Nipo Mbeya". Mnyakyusa na Mtaliano wanaelewana bila mkalimani, na vijana wa leo wangefaa kuiheshimu kazi hiyo.

Mama Tukuyu: Huku Rungwe tunaijua zaidi QRN, yaani makelele ya radi. Marehemu mume wangu alikuwa akichomoa waya wa antena mara mawingu yanapotanda, hata akiwa katikati ya mazungumzo. Nawe uwe unachomoa, mwanangu.

Fundi wa Mafinga: QSL ni kukiri kupokea, na kadi ni ushahidi wa maandishi: herufi za kituo (utambulisho wake hewani), tarehe, saa, masafa na alama. Herufi ulizotumia ni za nani?

Kijana wa Uyole: Zinaanza na 5H, za Tanzania.

Fundi wa Mafinga: Sikuuliza nchi, ndugu yangu.

Kijana wa Uyole: Ni za baba mdogo, ambaye ameshafariki. Maombi yangu ya leseni bado nayaandaa. Redio ni yake, ufunguo wa shaba wa kugongea Morse ni wake, na ndiye aliyenifundisha, hivyo sioni ubaya herufi zake zikiendelea kusikika. Kadi nimekwisha kuiandika.

Msomaji wa Makambako: Nadhani kisa hiki kimetungwa. Alama 59 ni ya mazungumzo ya sauti, 5 ya kueleweka na 9 ya nguvu. Kwa Morse huongezwa tarakimu ya tatu, ya ubora wa mlio, ikawa 599.

Kijana wa Uyole: Alituma 5NN. Tarakimu 9 ni mistari minne na nukta, ilhali N ni mstari mmoja na nukta, ndiyo maana hufupishwa. Hapa niliandika 59 ili wasioijua Morse wasichanganyikiwe.

Msomaji wa Makambako: Hilo la 5NN hulijua aliyewahi kusikiliza. Nayafuta maneno yangu.

Fundi wa Mafinga: Basi turudi kwenye kadi. Leseni hutolewa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa mhusika mwenyewe, hairithiwi kama shamba. Usiitume.

Kijana wa Uyole: Na nikiweka jina langu chini ya herufi zake?

Fundi wa Mafinga: Kadi inathibitisha kituo, na kituo hicho mwenyewe hayupo. Mwandikie Mtaliano barua ya kawaida, umweleze ukweli ili asiyaingize mazungumzo hayo kwenye daftari lake. Kisha QRT, acha kurusha mpaka upate herufi zako, na ufunguo uufanyie mazoezi kwenye kifaa cha mlio tu.