Odi za mshindi wa mashindano ya sataranji zinasema ukweli kiasi gani?

Mkazi wa Uyole
Ndugu zangu, habari za jioni. Hapa Mbeya tupo wachache tunaocheza sataranji kwenye kibanda cha kahawa karibu na soko la Mwanjelwa, kwa ubao ambao ngome yake moja nyeusi ilipotea siku nyingi na sasa tunaweka kifuniko cha soda. Juzi kijana mmoja alituonyesha kwenye simu odi (namba ambayo dau huzidishwa nayo ukishinda) za mashindano ya watu wanane wanaowania nafasi ya kumkabili bingwa wa dunia. Nilizinakili nyuma ya risiti ya mbolea: 2.75, 4.00, 5.00, 7.00, 9.00, 15.00, 26.00 na 51.00. Anadai kwamba huyo wa 2.75 ana zaidi ya theluthi moja ya nafasi ya kushinda, na kwamba kumwekea dau la shilingi 10,000 ni busara. Mimi sibeti, lakini ningependa kujua kama madai hayo ni sahihi.

Mhasibu, Iringa
Kaka, chukua risiti yako ugawanye 1 kwa kila odi. Ile ya 2.75 inatoa asilimia 36.4, ya 4.00 inatoa 25, na ukiendelea hivyo hadi ya 51.00, ambayo ni kama 2, jumla yake inakuwa asilimia 119, ilhali mshindi ni mmoja na nafasi za wote haziwezi kuzidi 100. Hiyo 19 ya ziada ndiyo riziki ya kampuni. Ukiiondoa kwa uwiano sawa, yule wa 2.75 anabaki na asilimia 30.5, maana yake ni kwamba kila 10,000 anayoweka kijana wako inamrudishia kwa wastani kama 8,400, na hapo kodi ya ushindi bado haijakatwa.

Mchezaji wa Tukuyu
Hesabu ya mhasibu ni sahihi, ila mimi nitazungumzia ubao. Katika mashindano hayo kila mmoja hukutana na mwenzake mara mbili, raundi 14, na michezo mingi ya wachezaji wa kiwango hicho huisha kwa sare, ambayo humpa kila mmoja nusu pointi. Kwa hiyo nusu pointi moja yaweza kugeuza kila kitu. Yalipofanyika Toronto mwaka 2024 wengi waliwatazama Caruana na Nakamura wa Marekani, na Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wa zamani, alikuwa amesema waziwazi kwamba haoni Gukesh wa India akishinda. Gukesh, kijana wa miaka 17, aliingia raundi ya mwisho na pointi 8.5, huku Nakamura, Caruana na Nepomniachtchi wakiwa na 8 kila mmoja. Akiwa na kete nyeusi alitoka sare na Nakamura, kisha ikambidi asubiri Caruana na Nepomniachtchi wamalize mchezo wao, kwa sababu mmoja wao akishinda angemfikia na wangelazimika kucheza michezo ya kuamua. Caruana alikuwa na nafasi ya wazi ya kushinda, ikamponyoka, na baada ya hatua 109 wakatoka sare, Gukesh akawa mshindi.

Tena soma kanuni kabla ya kusoma odi. Mashindano hayohayo yalipofanyika London mwaka 2013, Carlsen na Kramnik walipoteza wote wawili siku ya mwisho wakabaki na pointi 8.5 kila mmoja, na Carlsen akapewa nafasi kwa sababu tu alikuwa ameshinda michezo mitano, mwenzake minne. Kwa hiyo pointi sawa hazikumpa Kramnik ushindi.

Mkazi wa Uyole
Nawashukuru sana. Nilimfanyia kijana hesabu kwa kalamu, akakubali kwamba 2.75 haimfai. Bahati mbaya nilimsomea na habari za Gukesh, na sasa anataka kuhamisha elfu kumi yake kwa yule wa 9.00, eti naye ni kijana.

Mhasibu, Iringa
Mwambie arudie hesabu: asilimia 11.1 ikiondolewa ziada inakuwa 9.3, na 9.3 kwa mara tisa inamrudisha palepale kwenye 8,400. Akihamia kwa yule wa 51.00, huenda akapata pungufu zaidi, kwa kuwa kampuni hupenda kukata zaidi kwa wale wasiotarajiwa.