Naomba ushauri: kodi ya abiria wa ndege na viwanja vya mikoani

Wakuu, habari zenu. Naandika tasnifu kuhusu kodi ya abiria wa ndege na nimekwama. Uholanzi ilianza kuitoza Julai 2008: yuro 11.25 kwa safari za karibu, 45 kwa za mbali. Waliokuwa wakiunganisha ndege Schiphol, uwanja mkuu wa Amsterdam, hawakuguswa, lakini Waholanzi wengi walivuka mpaka wakapandia ndege Ujerumani, kwenye viwanja vya Düsseldorf na Weeze, hadi serikali ikaisitisha Julai 2009. Kwa maoni yangu viwanja vidogo ndivyo huumia zaidi, maana havina abiria wa kuunganisha wa kuvikinga. Sasa, nitatenganishaje athari ya kodi na ya mdororo wa uchumi uliokumba kipindi hichohicho? Mwenye uzoefu na takwimu za usafiri wa anga anisaidie tafadhali.