Mrejesho: muhuri wa risasi uliookotwa shambani Uingereza

Nawashukuru kwa dhati nyote mlionisaidia kumtambua mwenye muhuri wa madini ya risasi (si risasi ya bunduki), wenye vichwa viwili vya watu upande mmoja, niliouokota shambani huku Uingereza. Nilifuata ushauri wa kutousugua, nikaumulika kwa taa kutoka ubavuni, na juu ya vile vichwa viwili zikajitokeza herufi SPA na SPE, yaani Mtakatifu Paulo na Mtakatifu Petro. Kumbe ni muhuri wa Papa. Upande wa pili ulisomeka INNOCENTIVS PP (PP ni kifupi cha Papa) na vijistari vinne vya wima, IIII, yaani namba nne, na afisa wa Portable Antiquities Scheme (mpango wa kusajili vitu vya kale vinavyookotwa na wananchi) amethibitisha kuwa ni Inosenti IV, aliyeongoza Kanisa kuanzia 1243 hadi 1254. Aliyeandikiwa waraka uliotiwa muhuri huu hatukumpata, na hata kamba iliyoufunga muhuri kwenye waraka, ambayo kwa kuwa ya hariri au katani ingedokeza aina ya waraka wenyewe, ilikwisha kuoza.