Waja Leo Waondoka Leo: Gumzo la Ukoo Kuhusu Safari ya Baba na Mama

Jumatano

Baba, saa 1:40 usiku
Assalaam aleikum nyote. Mimi na mama yenu tumefika Bagamoyo salama alasiri hii, siku ya sita tangu tuondoke Tanga, na kwa kuwa simu zetu hazikuwa zikishika mtandao sehemu kubwa ya njia, ninawaeleza wote kwa pamoja yaliyotupata, ili kila mmoja asinipigie kwa wakati wake kuniuliza swali lile lile. Nawakumbusha pia kanuni ya kikundi hiki, kwamba tunaandika sentensi kamili. Anayetaka kuandika vifupisho ana vikundi vyake vingine.

Tuliondoka Ijumaa baada ya swala, kwa ile Toyota HiAce mliyonicheka nilipoinunua, iliyokuwa daladala kwa miaka mingi. Fundi wa Ngamiani aling'oa viti vyote vya nyuma, akaweka kitanda cha mbao chenye droo chini yake, meza ya kukunja, jiko la mtungi mdogo wa gesi na kishikio cha madumu mawili ya maji. Kazi ya kupaka rangi ndiyo haikuwahi kumalizika, hivyo mstari wa daladala bado uko ubavuni na kioo cha nyuma bado kina yale maandishi yake, "Waja leo waondoka leo".

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Tongoni, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale yapatayo arobaini. Nguzo nyingi za makaburi zimeanguka, na kwenye mawe bado yanaonekana matundu yalimokuwa mabakuli ya kaure. Niliwasomesha wanafunzi habari za Vasco da Gama kwa miaka mingi, kwamba jahazi lake moja lilipanda fungu karibu na hapo mwaka 1498, na kwamba mwaka uliofuata, akirudi kutoka Bara Hindi na mabaharia wachache, alilitia moto huko huko. Lakini sikuwahi kusimama mahali penyewe nikaangalia jinsi bahari ilivyo ya kina kifupi. Kutoka hapo tulishuka hadi Pangani, tukavuka mto kwa kivuko mpaka Bweni, tukafika Ushongo, na tukalala.

Mama, saa 1:58 usiku
Baba yenu ameandika vizuri sana, ila neno "tukalala" limeficha mambo mengi, nami sitaliacha lipite.

Pale kivukoni tulikaa foleni ndefu, na mbele ya Bweni tukapata pancha, kwa hiyo tulifika Ushongo saa mbili usiku, kiza kimetanda kwa sababu mwezi ulikuwa ndio kwanza umeandama. Baba yenu alisogeza gari hadi kwenye mchanga ulio wazi, akazima injini, akashuka, akaupiga mchanga kwa kisigino na kusema kuwa ni mkavu na mgumu kama sakafu. Nilimwambia kuwa mwezi mwandamo ni bamvua, maji hujaa kupita kawaida, na kwamba bamvua katika pwani yetu hujaa kwenye saa kumi, ya jioni na ya alfajiri, na kumbe tulikuwa tumekuta maji yamekwisha kupwa. Nilimmulikia kwa tochi ule mstari wa mwani mkavu na vifuu vya nazi, uliokuwa juu yetu kwa hatua kama ishirini, nikamwambia: bahari imeandika mpaka wake pale. Yeye ni mtu wa milimani, akanijibu kuwa mwani ule umeletwa na upepo.

Saa tisa na nusu niliamshwa na sauti kama ya mtu anayeramba sahani. Nilipoteremsha mguu kutoka mlangoni nikakanyaga maji hadi kifundoni, na ndala za baba yenu zilikuwa zinaelea upande wa Zanzibar. Gari liliwaka, lakini kila alipokanyaga mafuta tairi za nyuma zilizidi kujichimbia. Waliotuokoa ni wavuvi waliokuwa wakiteremka kwenye ngalawa zao. Mmoja alimwamuru azime injini na aache kuchimba kisima, wengine wakapunguza upepo wa tairi, wakatandika makuti na vipande vya mbao chini yake, kisha watu tisa wakasukuma kwa mpigo mmoja huku maji yakiwafika magotini. Hawakutaka fedha. Walikubali chai ya tangawizi, na wakamtaka radhi baba yenu kwa kuwa walikuwa wamemcheka kabla ya kumsaidia.

Kaka Mkubwa (Dar es Salaam), saa 2:06 usiku
Shikamooni wazazi wetu. Naona pwani ile ile iliyomkwamisha Mreno imemkwamisha pia mwalimu aliyekuwa akiisomesha. Ninauliza kwa dhati, Baba: je, mliosha chini ya gari kwa maji baridi? Maji ya chumvi yakiachwa siku mbili hushika breki, na nisingependa mteremke mlima wowote kwa gari la namna hiyo.

Baba, saa 2:11 usiku
Marahaba. Tuliliosha siku hiyo hiyo kwa madumu kumi na moja ya maji ya kisima, na breki ya nyuma kushoto, ambayo kweli ilianza kung'ang'ania, ilifunguliwa na kusafishwa na fundi wa Mkwaja akiwa amelala juu ya gunia chini ya mwembe. Habari ya mwani nimeikubali kwa maandishi, na mama yenu amehifadhi maandishi hayo.

Dada (Korogwe), saa 2:15 usiku
Shikamooni. Samahanini kwa swali langu, lakini ndilo ambalo kila mtu analifikiria na hakuna anayethubutu kuliuliza: mlikuwa mkioga wapi, na haja mlikuwa mkifanyia wapi?

Mama, saa 2:19 usiku
Marahaba mwanangu. Misikiti ina vyoo na maji, sheli za barabara kuu zina vyoo, na kule Ushongo tulilipa kidogo kwenye nyumba ya wageni tukapewa bafu na ruhusa ya kuegesha uani, chini ya minazi, kwa usiku wa pili na wa tatu. Hapo ndipo safari ilipoanza kuwa tamu. Asubuhi maji yalipokupwa tuliona kwa mbali fungu la mchanga la Maziwe likiibuka, halafu jioni likamezwa lote. Nilipokuwa mtoto pale Pangani, wavuvi walikuwa wakituambia kuwa Maziwe ni kisiwa chenye mivinje, wanapumzika kivulini wakisubiri maji. Sasa hakuna hata mti mmoja, ingawa ni hifadhi. Nilikaa mlangoni mwa gari na kikombe changu nikiliangalia linavyopungua, wala hakuna mtu aliyenihimiza kwamba basi linaondoka.

Mama Mdogo (Pangani), saa 2:31 usiku
Nimesoma yote kimya kimya, na sasa nitasema.

Shemeji, Dada, habari za kupita kwenu hapa sikuzipata kwenu. Nilizipata Jumamosi asubuhi kwa muuza samaki, ambaye aliniuliza iwapo ndugu zangu wameanza biashara ya daladala ya Bweni, kwa kuwa aliwaona kivukoni mmekaa ndani ya gari mnakula muhogo wa kukaanga. Nyumba yangu na kivuko ni mwendo wa dakika saba kwa miguu. Nina vyumba viwili vitupu, nina kitanda cha besera alichokiacha marehemu mama, halafu dada yangu wa tumbo moja anapita mlangoni kwangu kwenda kulala mchangani, hadi aamshwe na bahari! Kama ningekuwa mgonjwa mngeambiwa na nani? Gari lenu limeandikwa "Waja leo waondoka leo", nanyi hata kuja hamkuja, mmeondoka tu.

Kaka Mkubwa, saa 2:33 usiku
Mama Mdogo ana haki.

Mama, saa 2:40 usiku
Mdogo wangu, kosa ni letu na ninaomba radhi mbele ya ukoo wote. Hatukukukimbia. Tulipokuwa foleni nilitaka kuja, lakini kila baada ya robo saa tuliambiwa kuwa kivuko kinapakia, nikaogopa kupoteza zamu. Na nikuambie ukweli wa moyoni: tukifika kwako hutuachi tuondoke kabla ya siku nne, unachinja kuku ambaye ungemuuza, unalala chini ili sisi tulale kitandani, na mimi ninakaa jikoni mchana kutwa kwa sababu siwezi kukuacha peke yako. Nimestaafu uuguzi baada ya miaka mingi ya zamu za usiku, na safari hii nilitaka nione nchi yetu bila kumtumikia mtu na bila kutumikiwa. Nilipaswa kukueleza hivyo kabla, si baada.

Baba, saa 2:52 usiku
Shemeji, nami ninaomba radhi. Ninaongeza tu kwamba maandishi hayo yametuadhibu vya kutosha. Jumatatu tuliingia Saadani, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005 na ndiyo pekee Tanzania Bara inayogusa Bahari ya Hindi; tukalipa viingilio vyetu na vya gari, na askari wa getini akatuuliza kwa upole kama abiria wengine wanafuata kwa miguu. Usiku wa pili huko tuliwasikia tembo wakivunja matawi karibu na kambi, nikajifunza kwamba bati la HiAce ni jembamba kuliko nilivyodhani.

Leo asubuhi tulipotoka hifadhini kuelekea Miono, kila kijiji watu walitupungia mkono tusimame. Mahali pamoja nilisimama ili niulize njia, na kabla sijafungua kinywa mama mmoja mwenye tenga la kuku alikuwa amekwisha fungua mlango wa ubavuni, akasukuma tenga ndani, akapanda, akakaa juu ya kitanda chetu na kuniuliza kwa nini viti vimetolewa na kama nauli imepunguzwa kwa sababu hiyo. Nilimweleza kwamba hili ni gari la mtu binafsi na kwamba humu ndimo tunamolala. Aliangalia mito, akaangalia sufuria, akaniangalia mimi, kisha akamuuliza mama yenu kwa sauti ya chini: "Dada, mmefukuzwa nyumba?" Tulimfikisha mpaka Mandera pasipo nauli. Aliposhuka alituachia mayai sita, nadhani kwa huruma.

Kutoka Mandera ni lami tupu: daraja jipya la Wami, ambalo halisubirishi magari yapite kwa zamu kama lile jembamba la zamani, halafu Msata, na kutoka Msata kilomita 64 hadi hapa.

Mjomba (Bagamoyo), saa 3:05 usiku
Ninathibitisha kuwa wasafiri wako uani kwangu, wamekula wali wa nazi na changu wa kupaka, na sasa wameingia kulala garini kwao, mita nne kutoka dirishani kwangu. Mke wangu alipinga mpaka dakika ya mwisho. Kesho nitawapeleka kwenye magofu ya Kaole, na jioni tutapita lilipokuwa boma la misafara, kwa sababu Shemeji amekuwa akiuita mkokoteni wake "msafara" tangu aliposhuka. Wapagazi waliotembea kutoka Ujiji hadi hapa na pembe za ndovu mabegani, miezi mingi, wangelikuwa na la kusema wakiuona msafara wenye droo za vikombe. Shemeji anashikilia kwamba jina la mji huu limetokana na wao kubwaga moyo baada ya kubwaga mizigo. Mimi mwenyeji nimemwambia kuwa wapo wanaosema moyo uliobwagwa ulikuwa wa mateka waliokuwa wakingojea majahazi. Mjadala huo umetuchukua muda wote wa chakula, na changu amepoa.

Mama Mdogo (Pangani), saa 3:09 usiku
Kumbe kwa Kaka mmesimama, mmekula na mmelala uani, ila kwangu ndiko kulikokuwa na haraka.

Dada (Korogwe), saa 3:14 usiku
Mama Mdogo, niruhusu nisuluhishe kwa ramani. Wazazi wanarudi kwa barabara kuu, watalala kwangu Korogwe Jumamosi, na hapo mimi nina uwanja mpana na bomba la maji, wala sitawalazimisha kuingia ndani. Jumapili wakifika Muheza, ambako watanunua machungwa hata wakikatazwa, badala ya kunyoosha moja kwa moja hadi Tanga wanaweza kukata kulia na kuteremka Pangani kwa ile njia ya Muheza. Ni mzunguko, lakini hakuna kivuko wala foleni ya kusingizia.

Baba, saa 3:17 usiku
Nimekubali. Ila barabara ile ya Muheza nitaipita mchana, na nikifika Pangani nitaegesha pale nitakapoelekezwa na wenyeji, si pale nitakapopenda mwenyewe.

Mama, saa 3:20 usiku
Mdogo wangu, umesikia. Jumapili baada ya adhuhuri tuko kwako, na machungwa gunia zima. Usichinje.

Mama Mdogo (Pangani), saa 3:34 usiku
Nitachinja, hilo halina mjadala. Gari mtaliweka chini ya mkungu, ambapo maji ya bahari hayajawahi kufika tangu nyumba hii ijengwe, na Shemeji atalala kwenye kitanda cha besera kama mgeni mwenye adabu zake. Mimi na dada yangu ndio tutakaolala garini. Ninataka kuiona hiyo droo ya vikombe, na muuza samaki akipita alfajiri nitamfungulia mlango mimi mwenyewe.